Makaa Juu, Mchanga Chini

Sufuria ilikuwa moja, mdomo umepinda
tangu ilipoanguka siku ya msiba wa babu.
Ndani yake mchanga wa mtoni, umechekechwa mara mbili,
juu ya mchanga kopo la maziwa lililokatwa kwa patasi,
juu ya kopo bati,
juu ya bati makaa,
na juu ya yote Bibi Tusekile, khanga kifuani,
akinusa.

Hakuwa na saa. Alikuwa na pua.
"Bado," alisema, nasi tukanyamaza.
"Bado." Mvua ya Mwakaleli ikapiga paa
(mvua ya kwetu haina adabu, huja hata siku ya mavuno).
"Sasa!"
Tukakimbilia koleo kana kwamba nyumba inaungua.

Mwaka ule sukari ilipoadimika,
duka la ushirika likabaki na viberiti na mwenye duka,
aliponda ndizi zilizoanza kuwa nyeusi,
akamimina asali ya mzinga wa mjomba Gwamaka,
mayai manne, moja la bata,
akasema hajaona andiko lolote
linalomdai keki sukari.

Baada ya ibada viti viliunganishwa kuwa meza.
Kashata za Mama Sekela, ngumu kama kauli yake.
Mafyulisi yaliyochemshwa na mdalasini
katika bakuli la bluu ambalo sote tulijua
liliazimwa kwa mchungaji na halijarudi.
Vitumbua vya mchele wa Kyela.
Maandazi ya kwaya ya vijana, makubwa, matupu ndani,
mfano wa ahadi zao za kuja mazoezini.
Na keki ya bibi, nyeusi chini,
haina ua, haina krimu, haina jina la mtu.

Ikifika zamu yake mnadani
Ambakisye, fundi baiskeli, alinyoosha mkono
kabla mnadi hajataja bei.
Kila mwaka. Alilipa, akaifunga kwenye keria
kwa mpira wa tyubu, akaondoka akiisukuma baiskeli polepole
kama aliyembeba mgonjwa.
Hatukuwahi kumwona akiila.
Nilimuuliza bibi, kwa nini yeye tu?
Akanituma kuni.

Tulimzika bibi Machi, migombani.
Mavuno yakaja na keki za Mwanjelwa
ndani ya maboksi yenye dirisha,
nyeupe, zenye waridi la kupaka ulimi rangi.
Zilinunuliwa kwa bei nzuri. Paa la kanisa lilipona.
Ambakisye alikaa benchi la tatu,
mikono magotini.

Mwaka huu nimeushuka mto kwa ndoo.
Sufuria niliikuta bandani, kuku ametagia.
Pua sikurithi; nina simu.
Simu ikalia dakika arobaini, nikaiamini,
na chini ya keki kukawa kama tairi.
Nilikwangua kwa kisu. Nililia kidogo.
Nikaifunika kitambaa, nikaipeleka hivyohivyo.

"Nani anaanza?" mnadi akauliza.
Kimya. Mchungaji akakohoa.
Mtu wa nyuma akacheka kwa upendo,
ule upendo unaouma.
Ndipo mkono ukapanda benchi la tatu,
ukitetemeka, hata mnadi akadhani ni salamu.

Safari hii hakuwa na baiskeli.
Akamega pale pale, palipoungua,
akatafuna, na chembe ya mchanga
ikalia kati ya meno yake. Niliisikia.
Akafumba macho.
Nikasubiri hata ndaga moja.

"Bibi yako," akasema, akifuta mdomo
kwa mgongo wa mkono,
"alikuwa anaunguza vizuri zaidi."

Kisha akajisogeza kwenye benchi,
nikapata pa kukaa.